Maneno ya Kusema Tumeiweza

Nyumba ya wageni ya Bibi Threlfall,
Blackpool.
Jumamosi, 7 Agosti 1954

Mume wangu Cliff,

Sisi huku tumefika salama, na hofu yote iko huko uliko wewe. Najua watu huandika hivyo kwa mazoea tu, lakini mimi leo naandika kwa sababu ndivyo ilivyo.

Treni ilijaa mtaa wetu mzima. Nilikaa na Annie Haworth, ninayekaa naye kiwandani mwaka mzima, na nyuma yetu majirani zetu, Doris na mumewe, ambao nawasikia ukutani usiku kucha. Hapa kwa Bibi Threlfall tuko nao meza moja. Sijui kwa nini tunalipa nauli kuja kutazamana. Bibi Threlfall bado anatoza chumvi na siki ya mezani kama kitu cha anasa, lakini jioni tumekula nyama ya kondoo bila kuponi za mgao wa serikali. Mama yangu aliila yote, kisha akaisukuma kuponi yake ya zamani ndani zaidi ya mkoba, eti serikali inaweza kubadili mawazo. Margaret wetu ameshatoka kwenda kucheza dansi. Nilimwambia arudi mapema, naye akaniuliza mapema ya nani.

Kila mwaka wiki ya likizo mimi huja huku na wewe hubaki Ramsclough, kwa sababu dohani za mji wetu hupoa wiki hii tu, na fundi wa dohani hapandi kitu kinachotoa moshi. Hilo nililizoea zamani. Nisilolizoea ni kwamba safari hii umepewa dohani ya kiwanda chetu cha Tinker Brook. Lile tofali lililotoka kileleni mwake mwezi wa sita, likatoboa paa la vioo na kuangukia kati ya mitambo yangu ya kufuma na ya Annie, mpaka leo nalisikia likija. Annie alipiga kelele, mimi sikupiga, nikaenda chooni nikatapika. Sikukwambia.

Na Walter hayupo tena, tangu alipoanguka mwezi wa pili. Umepanda na Walter Pilling miaka yote, nami nilikuwa nasema moyoni, Walter yuko naye. Sasa nasema, Percy yuko naye. Percy ni ndugu yangu na nampenda, lakini ni mtu anayepanda kiti kubadilisha taa akaomba ashikiliwe.

Usinieleze urefu wala upepo. Niandikie kama kawaida yako. Miaka kumi na tisa nimekaa na wewe, nayajua maneno yako. Ukisema "kazi imekwenda", ninalala. Ukisema "tumemudu", najua palikuwa na tabu lakini uko chini na umekula. Ukisema "tumemudu kwa shida kidogo", nakagua mikono yako ukirudi. Na "si mbaya" umeisema mara mbili tu maishani: ulipoteremka kwenye mnara wa kanisa la Haslow theluji inaanguka, na ulipomwona Margaret baada ya mimi kuhangaika siku mbili kumzaa. Mama alitaka kukupiga. Mimi nilijua nimepewa sifa kubwa kuliko zote ulizonazo.

Basi niandikie. Neno moja linatosha.

Mkeo,
Nora


Mtaa wa Garden, Ramsclough.
Jumatatu, 9 Agosti

Nora,

Barua imefika asubuhi. Hujambo na wenzako, nami sijambo.

Ngazi zimefika shingoni mwa dohani. Tumemudu.

Mji umekufa. Hakuna moshi popote, unaona vilima mpaka ng'ambo. Duka la chipsi limefungwa. Percy anakaanga mayai, anayakaanga tena, kisha anayatupa. Paka wa Doris amehamia kwetu.

Kesho tunaanza kilemba.

Mwambie mama mkwe serikali haina haja na kuponi yake.

Cliff


Ramsclough.
Jumanne, 10 Agosti

Dada Nora,

Barua hii isome peke yako, halafu usimwambie shemeji kwamba nimeandika. Akijua atanifukuza, na akinifukuza atabaki juu peke yake, ndiyo sababu naandika.

Sijui nianzie wapi. Wewe hupendi kusikia mambo ya juu, lakini safari hii lazima usikie. Unaijua dohani yetu ilivyo: mwili unapanda umenyooka, halafu kileleni matofali na mawe yanatokeza nje pande zote, kama mtu aliyevaa kilemba kikubwa kuliko kichwa. Ngazi ya mwisho haisimami wima. Imening'inia kutoka shingoni kwenda nje mpaka ukingo wa kilemba, na anayeipanda analala chali hewani, mgongo umeelekea chini. Ni ngazi ndogo. Shemeji ameipanda mara nyingi katika dohani nyingine kuliko mimi nilivyopanda basi.

Jana jioni hakuipanda. Alifika shingoni akasimama, akashuka, akasema upepo. Nikasema sawa. Leo asubuhi amepanda tena. Mimi niko chini yake, nashika kamba ya vifaa. Nikamwona amekumbatia ngazi kwa mikono yote miwili, paji la uso limegusa tofali, hasogei. Nikaita, "Shemeji, kuna nini?" Nikaita tena. Akasema, "Upepo." Dada, nguo alizozisahau Doris kwenye kamba ya kuanikia hazikuwa zinatikisika hata kidogo. Naziona kutoka juu.

Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akateremka, akanipita bila kunitazama, akaenda kukaa juu ya rundo la kamba. Nikampa chai. Akasema, "Ilikuwa nyepesi." Nikauliza, nini? Akasema, "Kamba. Walter alipokwenda, sikumwona. Niliona tu kamba imekuwa nyepesi mkononi." Hicho ndicho kitu pekee alichowahi kuniambia juu ya Walter tangu mwezi wa pili, na baada ya hapo akauliza kama kuna mkate.

Meneja, Bwana Duckworth, anapita uani kila siku na mwavuli wake. Yeye hakwenda likizo, anasubiri. Tajiri mwenye kiwanda ametaka boila ziwashwe Jumapili na kazi ianze Jumatatu, mvua inyeshe au jua liwake. Leo amemwuliza shemeji, "Tutafika, Nuttall?" Na shemeji akamjibu, "Nadhani tutamudu, bwana." Kwetu sisi mtu akijibu hivyo na uso ule, unampelekea kiti na kumwita mkewe. Duckworth alisema, "Safi sana," akaenda zake.

Mimi nawaza nipande ile ngazi mwenyewe. Mtu mmoja lazima aipande. Ninaogopa mpaka chakula hakipiti. Niambie nifanye nini.

Nduguyo,
Percy


Blackpool.
Jumatano, 11 Agosti

Percy,

Usipande. Umenisikia? Usiweke mguu kwenye ngazi ile. Nikipoteza mmoja nitakuwa nimepoteza mmoja, sitaki kukuhesabu na wewe.

Nimeisoma barua yako chooni, kwa sababu ndipo mahali pekee katika nyumba hii ambapo mama hanifuati. Nimekaa humo mpaka Bibi Threlfall akagonga mlango akauliza kama naishi humo sasa.

Nifanye nini mimi? Siwezi kumwandikia shuka. Ukimwambia mwanaume wa kwetu shuka, atapanda. Na siwezi kumwandikia najua, kwa kuwa ataona nimeangalia mahali ambapo hakutaka niangalie. Sisi wake wa mafundi wa dohani tumefundishwa jambo moja tu, tusitazame juu. Mama yake Cliff alinifundisha wiki ya harusi. Nimepita chini ya kazi zake miaka yote hii nikitazama viatu vyangu.

Kaa naye tu. Mpikie. Mwambie tumbo linakuuma, mgongo unakuuma, chochote, umcheleweshe. Pengine mvua itanyesha. Sijawahi kuiombea likizo ya watu mvua, leo naiomba.

Dada yako,
Nora


Blackpool.
Jumatano, 11 Agosti

Mpenzi Cliff,

Huku raha tupu. Jua limetuwakia mpaka Doris amekuwa mwekundu shingoni. Mama aliyavua meno yake ya bandia ufukweni ale konokono wa baharini kwa nafasi, akayafunga kwenye leso, kisha akapenga kamasi kwa leso hiyohiyo. Tumecheka mpaka watu wakatutazama. Yeye hakucheka, alikuwa anayatafuta.

Margaret amepanda mnara wa hapa na kijana mmoja wa Burnley, wakapelekwa juu kwa lifti. Wamelipa ili waogope, ameniambia, na ilikuwa tamu sana. Nilikaa chini na mikoba yao.

Natumaini hali ya hewa huko si nzuri sana, usije ukachomwa na jua. Usiharakishe kazi. Dohani imesimama tangu babu yangu akiwa hai, haitakwenda popote.

Percy hajambo? Anakula?

Niandikie.

Nora


Mtaa wa Garden, Ramsclough.
Alhamisi, 12 Agosti

Nora mpenzi wangu,

Tumeshinda. Tumeitia adabu ile dohani, imesalimu amri. Hakuna kazi nzuri kama hii niliyowahi kufanya tangu nianze ufundi, na nasema hivyo bila kujisifu. Kilemba kimekaza, mkanda wa chuma umefungwa, kila jiwe liko mahali pake. Nimeiweza kabisa kabisa.

Bwana Duckworth amenishika mkono mbele ya tajiri mwenyewe. Tajiri ameniuliza, "Umemaliza?" nami nikamwambia, "Nimemaliza, bwana." Boila zinawashwa Jumapili. Jumatatu mtaingia kazini kama kawaida, wala usiwe na wasiwasi wowote, mke wangu.

Kuleni, furahini. Mnunulie Margaret kitu kizuri.

Percy anakusalimu.

Mumeo akupendaye,
Clifford


Blackpool.
Ijumaa, 13 Agosti

Cliff,

Mama amekataa kutoka chumbani kwa sababu ya tarehe, eti Ijumaa ya kumi na tatu ina mkosi. Mimi nimetoka, nimekaa kwenye benchi linalotazama bahari, na barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyosoma kitabu cha sala.

Aliyeiandika ni nani?

Mwandiko ni wako. Lakini wewe hujawahi kushinda kitu, Cliff. Kanisa la Haslow hukulishinda, ulirudi na barafu kwenye nyusi ukasema si mbaya, ukaomba supu. Dohani ya kiwanda cha ngozi, ile ambayo fundi wa Bolton aliikataa, ulisema imekwenda. Mtu aliyefika juu hana haja ya kelele, anashuka na njaa. Hii barua haina njaa. Haisemi hata mmekula nini. Halafu umeniita mpenzi wako na kuniambia nisiwe na wasiwasi, na hapo ndipo nilipopata wasiwasi, kwa sababu hujawahi kuniambia nisiwe na wasiwasi, hata Walter alipokufa.

Hukufika juu. Kilemba hakijashikwa. Mkanda, kama mmeufunga, mmeufunga shingoni, ambapo mtu aliye uani na mwavuli hawezi kuona tofauti.

Percy usimguse. Kama aliniambia au hakuniambia, mimi ningejua.

Sasa nisikilize, maana sitasema tena. Naogopa. Nimeogopa kila siku ya kazi tangu tufunge ndoa. Nikisikia mlango wa uani nahesabu hatua nijue ni zako, au ni za mtu mwingine aliyekuja amevua kofia kunipa pole. Nilidhani nikiyanyamazia haya nakusaidia. Labda nilikufundisha tu kunificha na wewe. Sikuoni mdogo. Kama mikono yako imekataa, imekataa. Mikono ile imefanya kazi ya watu wawili tangu una miaka kumi na minne, na tangu mwezi wa pili imebeba kamba isiyo na mtu.

Lakini Jumatatu kengele ya kiwanda italia. Mitambo itaanza yote kwa pamoja, na jengo zima litatikisika kama linavyotikisika kila siku, na dohani nayo. Chini ya kilemba kile ni mitambo yangu minne na minne ya Annie. Annie nitamzuia nje. Nitamwambia uongo wowote, uongo umeshaingia nyumbani kwetu, mmoja zaidi hautatubana. Mimi nitaingia. Nikikataa kuingia, mtaa mzima utauliza kwa nini mke wa Clifford Nuttall hakai chini ya kazi ya mumewe, na jambo hilo sitaki walijue kwa mdomo wangu. Litoke kwako, au lisitoke.

Nakuomba usipande. Soma hapo tena. Nakuomba usipande. Nenda kwa Duckworth umwambie.

Tunarudi kesho kwa treni ya jioni. Barua hii itakufika na posta ya asubuhi, kwa hiyo una mchana mzima.

Nora


Nimeiacha chini ya buli la chai.
Jumamosi, 14 Agosti

Nora,

Barua yako imefika asubuhi. Nimeisoma nimesimama mlangoni, paka wa Doris akijisugua miguuni. Percy alikuwa anaosha vikombe. Nikamwambia, "Dada yako anajua." Akadondosha kikombe, kile chenye maua cha mama yako. Hicho utamweleza wewe.

Uliniomba nisipande. Nilipanda. Subiri kwanza kunigombeza.

Nilipanda kwa sababu ya hayo uliyoandika, kwamba utaingia. Nilijua utaingia. Nilimwambia Percy abaki chini kabisa, asishike kamba, sikutaka mtu mwingine mwisho wa kamba yangu. Mpaka shingoni nilikwenda vizuri. Pale ikanijia tena. Sijui nikuelezeje. Sio kichwa, kichwa kiko sawa, nakumbuka niliwaza habari ya mayai. Ni vidole. Unaviambia fungukeni, havifunguki. Viko mbali na wewe kama vya mtu mwingine. Nilikaa hapo nikaogopa, Nora, nimeandika sasa ulione neno lenyewe kwa mkono wangu. Niliogopa mpaka nikajikojolea kidogo, mwanaume wa umri wangu.

Nikatazama chini. Hatutazami chini, lakini nilitazama. Paa la vioo liko moja kwa moja chini yako ukiwa pale, limejaa masizi, vioo vyote vyeusi, isipokuwa kimoja. Ni kile kipya walichoweka mwezi wa sita. Ni cheupe bado. Nikajua hapo ndipo unaposimama wewe siku zote, unafunga nyuzi, unapiga soga na Annie kwa kusomana midomo kwa sababu ya kelele.

Nikaenda. Vidole vikaachia, sijui kwa nini, nikaingia kwenye ile ngazi ya nje, ya kwanza, ya pili, mgongo hewani. Nikafika ukingoni. Nikainua mkono nikashika jiwe la kilemba ili nijivute.

Likasogea.

Halikuanguka. Lilisogea tu chini ya kiganja changu, taratibu, na vumbi la chokaa likanishukia machoni. Jiwe lile ni kubwa kuliko meza yetu ya jikoni. Kama ningejivuta, ningekwenda nalo, na lingetangulia pale kwenye kioo cheupe. Nikalisukuma lirudi, kidogo kidogo. Nikabaki na mkono mmoja juu yake na sikuwa na la kufanya. Hakuna mtu anayeweza kukaa amelishikilia jiwe mpaka Jumatatu.

Sikuweza, Nora. Sikufika juu. Nimeshuka.

Kushuka sikukumbuki. Namkumbuka Percy ameketi chini analia, na mimi namwambia aache, watu watatuona, na hakuna watu mji mzima.

Kisha nikaoga, nikavaa shati la Jumapili, nikaenda nyumbani kwa Duckworth. Mkewe hakutaka kunifungulia sebule. Tukaongea ukumbini, mimi na kofia mkononi. Nikamwambia, "Bwana, juzi nilisema nimemaliza. Sikumaliza. Sikugusa kilemba. Leo nimekigusa, jiwe linacheza."

Akasema, "Lakini ulimwambia tajiri."

Nikasema, "Nilimwambia. Nilisema uongo."

"Kwa nini?"

"Niliogopa, bwana."

Hakujua aweke wapi macho. Nadhani angefurahi zaidi kama ningesema nimelewa. Akasema, "Basi panda tena kesho, bado kuna Jumapili." Nikamwambia mimi sipandi tena, kesho wala siku nyingine. Kuna ndugu wawili wa Bolton, mafundi wa dohani, wanaweza, nimeshawapelekea simu ya maandishi, wanakuja Jumanne. Akasema tajiri hatasubiri Jumanne. Akaenda kumpigia. Nilimsikia anasema "ndiyo bwana" mara nyingi. Akarudi akaniambia watafikiri, nikajua maana yake ni nini.

Kwa hiyo nimekuja kuandika hii, halafu narudi kiwandani. Nitakaa kwenye mlango wa nyumba ya boila, mimi na Percy. Yeyote atakayekuja na koleo kuwasha moto atanikuta hapo, nami nitamwambia habari ya jiwe. Mwashaji ni Tom Riley, ana binti anayefanya kazi humo kiwandani. Atanisikiliza. Wakimleta mwingine, nitamwambia na huyo.

Usiingie, Nora. Wala Annie, wala yeyote. Waambie wote. Usinisitiri. Waambie Clifford Nuttall alishindwa na akasema uongo, na jiwe liko juu yenu. Anza na Doris, itafika mji mzima kabla hujavua koti.

Jumatatu sijui nitakuwa fundi wa nini. Kuta fupi nazo zinahitaji watu.

Tumekula mkate na jibini. Jibini ilikuwa imekauka pembeni. Kwa Duckworth niliogopa kuliko juu, lakini nimesema yote, hakuna nililoacha.

Tumemudu.

Cliff


Nyuma ya barua hiyohiyo.
Jumamosi jioni

Cliff,

Nimeisoma nikiwa bado na kofia kichwani na sanduku mkononi. Nilipofika kwenye jiwe, niliketi sakafuni. Margaret alidhani umekufa. Ikabidi nimwonyeshe mwandiko, nimwambie aliyekufa haandiki habari za jibini.

Nitakugombeza. Nitakugombeza mpaka sikukuu ya Krismasi. Nilikuomba usipande, tena mara mbili. Kama jiwe lile lingekuja na wewe, barua yangu ndiyo ingekuwa imekuua, na mimi ningekuwa ndani ya treni nikila sandwichi.

Nimefanya ulivyosema. Nilimwita Doris, Annie akaja na Doris, na nyuma yao wengine na masanduku yao, mpaka jikoni hapatoshi. Sikusimulia, niliwasomea barua yako yote. Ile habari ya vidole niliisoma, na ile nyingine nikairuka, hiyo ni yetu. Nilitazama nani atacheka. Hakuna aliyecheka. Mume wa Doris, ambaye hujawahi kumpenda, alivua kofia yake akaishika. Annie aliuliza kioo cheupe ni kipi, nikamwambia, ni chetu. Akasema nikuambie asante, nami nakuambia.

Jumatatu hakuna anayeingia. Tutasimama nje ya lango, wote, mpaka watu wa Bolton washushe lile jiwe kwa kamba na tulione chini kwa macho yetu. Doris ameshakwenda mtaa wa pili kuwaambia. Tajiri afikiri anavyotaka.

Margaret anakuletea hii barua pamoja na chai na mkate wa nyama wa kuoka. Kuna blanketi pia, usimwachie Percy lote. Mimi namlaza mama, ameona kikombe. Nikimaliza nakuja kukaa na nyinyi mlangoni, na safari hii nitatazama juu.

Si mbaya, Cliff.

Nora